Kifaru cha Koridoni

Kharkiv,
Alhamisi, 13 Februari

Mpendwa Dada Halyna,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na shemeji Bohdan, na natumaini huko Wroclaw, Polandi, hamjambo nyote. Goti lako linaendeleaje? Uliponieleza kwamba unapanda ngazi kwa mguu mmoja nilicheka, na simu ilipokatika nikajuta. Sisi huku tu wazima, mimi na baba mkwe. Maji yanatoka, kabichi ya chumvi bado ipo, ila lifti imekufa tangu mwanzo wa Januari, na ghorofa ya nane imekuwa safari.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ninayo. Simu naipigia koridoni, na koridoni yupo Baba. Vyumba vyote viwili madirisha yake yameparaganyika kwa mabomu, tumeyaziba kwa mbao, na baridi ya humo haikaliki. Kwa hiyo tunakula koridoni, tunalala koridoni, tunanuniana koridoni. Nikikohoa ananiuliza kama nina homa. Nikinyamaza ananiuliza kwa nini nimenyamaza. Kuna siku naingia bafuni na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sina shida yoyote, nataka tu kuwa mahali ambapo hakuna mtu. Hata hii naiandikia humo humo bafuni, na nitampa dereva wa basi la kesho linalowahamisha watu.

Wewe unajua habari ya kile kifaru, lakini hujui yote. Mume wangu Zhenya alipokuja likizo kutoka vitani Agosti iliyopita alimletea baba yake zawadi, boksi lenye mbao nyembamba zilizokatwa kwa mwanga wa leza, vipande mia sita na zaidi, vya kuchomoa kwa kidole na kuunganisha bila gundi mpaka kitokee kifaru cha vita ile ya zamani, kile kile kilichozaliwa katika mji wetu huu. Kina gia ndani, na ukanda wa mpira wa kuzungusha, ukiuachia kinatembea chenyewe. Waliunda tumbo lake pamoja kwa siku tatu, wanabishana na kuchekana, kisha Zhenya akarudi kikosini. Oktoba ndipo tulipoambiwa kwamba hajulikani alipo. Mpaka leo hajulikani alipo. Sijui kama umewahi kuishi na maneno hayo, Dada. Hayakuruhusu kulia wala kupumua.

Ulipotutafutia chumba huko kwenu, Baba alisema atahama siku kifaru cha mwanawe kitakapotoka mlango wa bafuni kikafika mlango wa kutokea, chenyewe, bila kusukumwa. Wewe ulikasirika. Ulisema mzee huyo ana kichwa kigumu na atamzika mdogo wako kwa ajili ya kitu cha kuchezea. Mimi nilikujibu kwamba ndivyo alivyo, tufanyeje.

Basi tukaanza kazi juu ya meza ya pasi, kwa sababu meza nyingine haipiti hapa. Unajua alifunga gia za vifaru vya kweli kiwandani miaka thelathini na minne. Kitabu cha maelekezo alikitazama mara moja akakitupa juu ya kabati, akasema waliokichora hawajawahi kupakwa grisi hata kwenye kucha. Alifunga gia kwa kichwa chake, kama alivyozoea. Tulipozungusha mpira kwa mara ya kwanza kifaru kikaenda kinyumenyume hadi chini ya kiti. Raisa wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa ametuletea mkate, alishika mbavu kwa kicheko. Akamwambia, "Mzee, cha kwako hiki ni cha kumkimbia adui." Baba akamjibu kwamba kifaru kinachojua kurudi ndicho kinachofika nyumbani, lakini masikio yalimwiva kwa aibu. Alikifungua chote, na kitabu akakishusha mwenyewe, kimyakimya, akidhani sioni.

Kazi yangu ilikuwa nta. Kila jino la gia lazima lisuguliwe kwa mshumaa, la sivyo mbao husagana na kukwama, na mishumaa ndiyo taa yetu umeme ukikatika. Tuligombana juu ya mishumaa kama watu wanaogombania shamba. Vidole vyangu vinanuka mbao iliyoungua mpaka kwenye supu ya borshi.

Kufikia Desemba kifaru kingekuwa kimekwisha. Hakikuisha. Gia moja ndogo ilipotea. Baba alipiga magoti na tochi, akainua zulia, akamwaga takataka juu ya gazeti, kisha akachonga nyingine kwa kisu kutoka kwenye mabaki ya mbao, siku nne. Mara ekseli ya nyuma ikavunjika. Mara vipande vinne vya mnyororo havionekani. Wewe kwenye simu ulisema anaharibu makusudi ili asihame, nami nikakuuliza habari za hali ya hewa ya huko. Uliponiambia nimwache, nije peke yangu, nikasema moyo hauniruhusu. Ukaniita mtoto mwema.

Dada Halyna, mimi si mtoto mwema. Vipande nilivificha mimi.

Ile gia ndogo niliikanyaga kwa ndala karibu na jiko. Niliitia mfuko wa aproni nikikusudia kumpa baada ya chai. Chai ikaisha, sikumpa. Nilimwangalia akitambaa na tochi, mzee wa miaka sabini na sita, nikaendelea kuosha vikombe. Ekseli niliivunja kwa koleo alipokuwa bafuni. Mifuko yake imefungwa tangu Oktoba, iko nyuma ya mlango, hata soksi za njiani amezitenga. Asiyetaka kuondoka ni mimi, na miezi hii yote nimekuacha umtukane yeye.

Nikueleze sababu, hata kama hutanisamehe. Karatasi ya ofisi ya jeshi ina anwani ya hapa. Wakija, watakuja na habari hapa. Na ujumbe wa mwisho wa Zhenya, ninao mpaka leo kwenye simu, unasema tu, "Mkihama niambie." Nimwambie wapi, Dada? Nimeandika mara ngapi kwenye namba ile, na hakuna alama kwamba ujumbe umefika. Niliona nikishuka ngazi hizi nitakuwa nimehama bila kumwambia. Basi nikabaki, na nikambakisha baba yake chini ya mabomu pamoja nami, huku nikimsingizia ukaidi. Nimeona haya sana. Naogopa mchana, naogopa ngazi, naogopa hata kufagia kwa sababu nikifagia yeye huinama kutazama kama kuna kipande.

Jumanne asubuhi alitafuta kiberiti kwenye aproni yangu. Nilitoka bafuni nikakuta vipande vitano vimepangwa mstari juu ya meza ya pasi. Alivaa miwani, akavipima kimoja kimoja kwa kidole, akaniuliza, "Nelia binti yangu, hivi vimepita ukaguzi?" Nililia mpaka nikakaa chini. Aliniambia alijua tangu ekseli, maana mbao ikivunjika yenyewe haiachi meno ya koleo. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akasema kila kipande kilipopotea moyo wake ulifurahi, kwa kuwa na yeye hakuwa na miguu ya kumwacha mtoto wake hapa, na ilimfaa mtu mwingine abebe lawama. Kumbe tulikuwa tunafungiana mlango sisi kwa sisi, kila mmoja na ufunguo wake mfukoni.

Jana mchana tulikimalizia. Kilitoka mlango wa bafuni, polepole, kikilia kama meno ya mtu mwenye baridi, kikapita viatu, kikafika mlango wa kutokea. Kikaugonga, kikaendelea kuusukuma mpaka mpira ukaishiwa nguvu. Hatukupiga makofi. Baba akasema, "Haya." Kisha akaenda kuchukua koti lake.

Tunaondoka Jumamosi kwa basi la asubuhi. Ufunguo tutamwachia Raisa. Mlangoni, kwa nje, nimeandika kwa rangi nyeupe herufi kubwa jina lako na la shemeji, mtaa wenu, namba ya nyumba na ghorofa. Juu yake nimeandika "Zhenya, tumehama," na Baba ameongeza chini tarehe, kwa mwandiko wake wa kiwandani.

Usimwambie Baba kwamba uliwahi kumtukana. Mimi nitukane ukitaka, nitakuwa jikoni kwako na sitajibu. Nisalimie shemeji Bohdan na majirani wale wanaokuletea keki. Na nakuomba jambo moja tu, Dada, tangu leo, hata kabla hatujafika: mtu yeyote akigonga mlango wenu asiyejua Kipolandi, usimuulize ni nani. Mfungulie haraka. Akiwa Zhenya mwenyewe, mpe chakula. Akiwa ametumwa na habari zake, mkalishe, na usikubali akuambie wewe kwanza.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Nelia