Anayemjibu Bundi

Mdogo wangu mpendwa Chizuru,

Kwanza naomba radhi. Barua yako ilinifikia wakati majani ya miti yalikuwa bado mekundu, na sasa ziwa limeganda hadi kwenye mdomo wa mto. Mtu aliyewafundisha watoto wa watu kwamba kutojibu barua ni utovu wa adabu hana pa kujificha. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na shughuli. Kila nilipoketi mezani nilijua linalonipasa kukuandikia, nikainuka na kwenda kuondoa theluji ambayo wakati mwingine ilikuwa imekwisha kuondolewa.

Magoti yako yanaendeleaje? Je, daktari bado anakukataza ngazi? Na mumeo, ameacha sigara kama alivyoahidi, au ameahidi upya? Nawaombea nyote afya katika baridi hii. Chai uliyotuma imefika salama. Tunainywa baada ya chakula cha jioni, na kikombe cha kwanza Kinue hukiweka mbele ya picha ya Yasuhei. Namwacha, ingawa chai nzuri namna hiyo hupoa bure. Mimi ni mzima. Kinue ana mafua yaliyomkausha sauti, na habari zake ndizo hasa zilizonifanya nikae kimya muda wote huu.

Hii ni baridi ya pili tangu ziwa limchukue ndugu yetu Yasuhei, na ya pili tangu nihamie nyumbani kwake ili Kinue, mjane wake, asiachwe peke yake na theluji. Huku hakujabadilika sana. Batamaji weupe wamekuja kwa wingi ufukweni kwenye chemchemi ya maji ya moto, na watu wa mjini wamewafuata na kamera zenye midomo mirefu kama mabomba ya moshi. Jirani yetu Iwabuchi anawauzia kahawa na mahindi ya kuchemsha, na kuwadanganya kuhusu majina ya ndege. Jioni barafu hulia katikati ya ziwa, sauti ndefu inayoanza ng'ambo na kupita chini ya nyumba yetu. Mtoto wa mjini aliniuliza ni nani anayelia. Nilimweleza habari ya barafu na joto, akaniangalia kana kwamba nimemficha jibu.

Mwezi wa Desemba tulihesabu ndege wa ziwa kama kila mwaka. Mimi nilipewa sehemu ya Yasuhei, yaani ghuba ndogo iliyo mbele ya nyumba na kijito kinachoshuka msituni. Tulipokutana ukumbini kusoma hesabu zetu, nilitaja mabata, kisha nikasema kwamba bundi wanaokula samaki ni wawili, dume na jike, na kwamba niliwasikia wakiitikiana. Unaikumbuka sauti yao tangu utotoni. Dume hutoa mbili, jike huitikia moja, upesi kiasi kwamba asiyewajua hudhani ni ndege mmoja. Nishibori, katibu wa chama cha ndege, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu na bado huketi wima akiniona, aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia nina hakika. Baadaye akaniuliza tena, nami nikamjibu kwa ukali kidogo.

Hapo Iwabuchi akauliza kutoka nyuma kama nimemhesabu na marehemu mdogo wangu pia. Watu wawili watatu walicheka, wakanyamaza. Yeye hakunyamaza. Alisema, “Mwalimu, jike gani wa bundi anakaa kwenye matete? Dume analia huku juu msituni, jibu linatoka kule chini kwenye barafu. Huyo si jike, ni Yasu. Si ndiye aliyekuwa anamwigiza jike mpaka dume anakuja kumtafuta?” Mkewe akamwambia aende akaangalie sufuria yake, kahawa inaungua na akili inamwungua vilevile. Nilivaa kofia yangu nikaondoka.

Ni kweli kwamba Yasuhei alikuwa akimwigiza jike wakati wa hesabu, ili dume ajitokeze. Ni kweli pia kwamba alipotea pale pale, akivuka ghuba jioni kuhesabu mabata, mahali ambapo maji ya moto huila barafu kwa chini. Tuliona darubini yake juu ya barafu. Yeye hatukumwona, na hadi leo Kinue hana kaburi la kufagia.

Maneno ya Iwabuchi niliyaona ya kipuuzi. Hata hivyo nilianza kusikiliza. Jioni moja upepo ulitulia, nikasimama barazani. Dume aliita kutoka msituni, mara mbili. Jibu likatoka kwenye matete ya ghuba, si kwenye miti. Lilichelewa kidogo, na mwishoni lilikatika kwa mluzi mwembamba. Chizuru, unakumbuka Yasuhei alivyokuwa na pumu, na jinsi kila pumzi yake ndefu ilivyoishia kwa mluzi, nasi tukimtania kwamba amemeza birika? Ulikuwa mluzi ule ule. Sikukimbia. Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikawasha taa zote za nyumba, hata ya bafuni. Tangu siku ile nikawa nafunga madirisha ya mbao kabla giza halijaingia. Kinue saa hiyo huwa hayupo ndani. Huenda kutia samaki hai katika kidimbwi ambacho Yasuhei alikitengeneza kijitoni ili bundi wasife njaa baridi ikizidi. Nilijiambia kwamba kumweleza niliyoyasikia kungekuwa ukatili.

Mwaka mpya Nishibori alikuja kutusalimu. Alikula maandazi ya mchele ya Kinue, akasifu, akala tena, kisha akatuambia kinachomsumbua. Chamani wanaye bundi jike kijana aliyeanguka kutoka kiotani akiwa mdogo, wamemlea kizimbani, na sasa anajua kuvua. Wanamtafutia dume mpweke mwenye kijito chake. Lazima aachiliwe kabla Februari haijaisha, maana baada ya hapo msimu wa kutaga utakuwa umepita, na ndege aliyezidi kukaa kizimbani husahau kuogopa watu. Madume wote wa ukanda huu wana wake, isipokuwa mmoja mzee aliye karibu na barabara kuu. “Laiti huyu wako angekuwa mjane, Mwalimu,” aliniambia akicheka, “ningekuletea bibi harusi kesho.” Kinue alikuwa akimimina chai. Alisema tu, “Maskini wa watu,” akaenda jikoni.

Wiki chache baadaye theluji mpya ilianguka, na asubuhi niliona nyayo zilizokwenda kijitoni kwenye kidimbwi, kisha kutoka kidimbwini hadi kwenye matete ya ghuba, ambako hakuna cha kulisha. Jioni yake nilizifuata. Nilimwona mtu amesimama mwisho wa matete, amelielekea ziwa, amevaa lile koti la kahawia la Yasuhei ambalo wewe ulilitia kiraka chekundu begani, kofia yake imefunika kichwa chote. Dume aliita. Mtu yule akainua mikono miwili mdomoni, akajibu, na mwishoni akatoa mluzi.

Nilimwita Yasu. Jina hilo sikuwa nimelitamka tangu tulipokuwa watoto. Ukubwani nilimwita jina lake kamili, kama inavyostahili. Mtu yule akageuka, na alikuwa Kinue.

Tulirudi nyumbani. Jikoni alichukua figili akaanza kuimenya, na alisema nami akiwa amenipa mgongo. Alisema jike alikufa mwishoni mwa vuli. Alimkuta kando ya daraja amegongwa na gari, bawa moja limefunguka kama mlango, akamzika nyuma ya banda kabla ardhi haijaganda. Alikusudia kumwambia Nishibori kesho yake. Lakini jioni ile dume aliita, akangoja, na mahali pa jibu pakawa patupu, akaita tena, na Kinue hakuweza kustahimili. Akaenda akajibu kama Yasuhei alivyomfundisha walipokuwa wachumba. Mluzi ule, alisema, ameuchukua kwa Yasuhei bila kujua. Hakuwahi kumsikia jike wa kweli kwa karibu. Alichojifunza ni mume wake.

Nilimweleza kwa upole niliouweza kwamba dume anayejibiwa hatafuti mke, kwamba kijito kile hakitakuwa na kinda, na kwamba mimi nimesimama mbele ya watu nikasema wawili. Alijibu kwamba yote hayo anayajua, yeye si mtoto. Akaweka kisu chini. “Shemeji,” alisema, “wewe una wanafunzi wako, una Chizuru, una barua zako. Mimi tangu Yasu aondoke naitwa mara moja tu kwa siku. Nishibori akijua ataleta bibi harusi wake, ataniambia nisikanyage kijitoni hadi kiangazi, na atakuwa sahihi. Basi nani ataniita?”

Tulikula figili ile na supu, nikaenda kulala. Tangu hapo hatujalizungumzia, na kila jioni amekuwa akivaa koti na kutoka, nami nikifunga madirisha polepole zaidi ili nisikie.

Kisha akapata mafua. Sauti ilimkauka kabisa. Jioni ya kwanza dume aliita na hakuna aliyejibu. Kinue alikuwa amesimama dirishani, kiganja juu ya kioo. Jioni iliyofuata dume aliita zaidi, na sauti ilianza kushuka kuelekea huku, kutoka mti hadi mti. Kinue alinivuta mkono wa sweta, akaninong'oneza niende nikamjibu. Nilikataa. Nilimwambia kwamba kukosea kwa kutojua ni jambo moja, na kudanganya kwa kujua ni jingine. Akarudi dirishani.

Sasa nakuambia kile ambacho sijamwambia mtu, hata Kinue sijamwambia chote. Jana nilikwenda. Nilivaa koti lile kwa sababu lilikuwa limetundikwa mlangoni, nikasimama mwisho wa matete. Mbele yangu ilikuwa barafu iliyommeza ndugu yetu, na mvuke wa maji ya moto ulikuwa ukitembea juu yake kama watu wanaotafuta kitu. Dume aliita. Nikainua mikono nikajibu. Nilijibu vibaya, kama mzee anayekohoa. Nikajikuta sisikilizi upande wa msitu hata kidogo. Nilikuwa nasikiliza upande wa barafu.

Hakukuwa na kitu huko. Lakini bundi alikuja. Alishuka bila sauti yoyote, mkubwa kama mtoto aliyejifunika blanketi, akatua kwenye mti uliokufa juu ya matete, karibu nami kiasi kwamba niliona theluji kwenye nyusi zake. Aliniangalia kwa muda mrefu. Chizuru, nimeangaliwa na wanafunzi wengi waliojua kwamba nimekosea, na ninaujua mtazamo ule. Hakudanganyika. Kisha akageuza kichwa, akapitisha macho juu ya kofia yangu, akaitazama nyumba, dirisha ambapo Kinue alikuwa amesimama na taa nyuma yake. Akaita akiwa ameielekea nyumba.

Alikuwa akimwita yeye. Anajua ni nani anayemjibu. Nadhani amejua tangu vuli.

Ndiyo maana nimekosa usingizi. Maadamu niliamini kwamba ndege yule anadanganywa, wajibu wangu ulikuwa wazi: kumwambia Nishibori, kusahihisha kosa langu mbele ya watu, na kumwomba Kinue msamaha baadaye. Sasa sijui ninasahihisha nini. Nikisema, huenda kijito kikapata makinda, na yule jike aliye kizimbani akapata mbingu. Huenda pia dume akamkataa, akabaki anaita nyumba ambayo imekatazwa kumjibu. Nikinyamaza, ukoo wa bundi walioitwa walinzi wa kijiji tangu kabla ya babu zetu kufika huku utaishia kwa mjane mmoja na mjane mwenzake, wakiitikiana juu ya barafu mpaka mmoja wao afe.

Nishibori atapita hapa katikati ya Februari. Ameniambia ataniuliza kwa mara ya mwisho, kwa heshima zote, kama ni wawili. Wewe ulimjua Kinue kabla hajawa shemeji yetu. Ulikaa naye dawati moja. Nieleze unavyoona, ila usinihurumie wala usinipambie maneno.

Nasimamisha kalamu, kwa kuwa jua limekwisha zama nyuma ya mlima na dume ameanza kuita. Yuko karibu kuliko jana. Kinue bado hana sauti, na amekuja kusimama mlangoni, koti mikononi. Msalimie mumeo na wajukuu, na usipande ngazi. Nikishaamua nitakachomjibu Nishibori, nitakuandikia siku hiyo hiyo, wala hutangoja tena kama safari hii. Kwa leo, nakwenda kuvaa viatu.

Ndimi kaka yako,
Tatsunori