Mizabibu ya Wagonjwa

Burgundy, Ufaransa, Julai 1878

Kaka Lazare,

Sisi wazima. Mzee Gaspard, mgonjwa wetu wa siku nyingi, bado anaitukana supu yetu na kuomba nyingine.

Jana nilikwenda shambani na Mama Mkuu. Mizabibu yetu, ambayo mauzo ya mvinyo wake yameilisha hospitali yetu tangu enzi za mababu, imegeuka manjano. Msimamizi wa shamba alivuta shina moja, likang'oka kama jino bovu. Mizizi ilijaa wadudu wadogo kama chawa.

"Ni shamba zima," alisema.

Mama Mkuu akanigeukia. "Kuanzia kesho, usipokee mgonjwa."

"Waende wapi, Mama?"

Akashika njia ya kurudi hospitalini.

Leo asubuhi mwanamke alibisha, kabeba mtoto mwenye homa. Nimewalaza kitandani kwangu. Lakini dirishani nawaona wagonjwa wengine wanapanda kilima, na Mama Mkuu amekwisha kuchukua funguo za lango.

Mdogo wako,
Sista Philiberte