Kibao cha Wawindaji kwenye Njia ya Mto

Clotilde, uko?
Leo nusura mtu apigwe risasi. Na kosa ni langu, shoga. Langu!

Niliwapeleka wageni wanne wa baiskeli kwenye ile njia ya changarawe kando ya mto Vézère. Si unajua ninavyojisifu: huku gari hamtaliona hata moja.

Pale pa kuingilia msituni kilikuwepo kile kibao cha wawindaji, "Hatari, tunawinda". Kile wanachosahau kukiondoa wiki nzima, mpaka mwezi uliopita nikamgombeza baba mkwe, naye mwindaji, mbele ya kijiji kizima!

Odile, mmoja wa wageni, akaniuliza, "Tupite kweli?" Nikamwambia, "Pita tu mama, hicho ni cha Jumapili iliyopita."
Na nilicheka, Clotilde. Nilicheka!

Mara PAA! Gome la mti likaruka karibu na kichwa cha Odile. Baiskeli chini, watu kifudifudi kwenye kokoto.

Kichakani akatoka nani? Baba mkwe. Bunduki mkononi, uso mweupe kama chokaa. "Nilidhani ni nguruwe pori! Kibao hamkukiona?"

Odile akaniwahi: "Alikiona. Katuambia ni cha wiki iliyopita."

Hakunipigia kelele. Bora angenipigia.
Alikaa chini palepale kwenye changarawe, akavua kofia. "Cha wiki iliyopita nilikiondoa Jumapili ileile, mwanangu. Hiki nimekiweka leo asubuhi. Si ulinigombeza?"