Mtu wa Kumi na Sita

Nairobi, 6 Machi 1972

Baba mpendwa,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima. Nyonga ya Mama inaendeleaje?

Nina habari mbaya. Daktari amesimamisha kuweka nyonga za chuma. Aliwawekea watu kumi na watano wa huko kwetu. Wanne tu wakarudi kliniki, na watatu kati yao wanalia maumivu. Mama ndiye aliyekuwa anafuata.

Lakini mimi ndiye karani wa takwimu zake, nikamwuliza: hao kumi na mmoja wasiorudi wakoje? Hajui. Amenipa miezi minne. Majina yao yamo kwenye orodha niliyoitia katika bahasha hii. Watafute, Baba, uandike ukweli hata ukiwa mchungu.

Binti yako,
Bonareri

Nyamira, 21 Mei 1972

Binti yangu,

Hatujambo. Majani chai yamekubali, na mama yako anakusalimu akiwa ameketi, maana kusimama ni kazi.

Umenimaliza miguu! Machogu wa Magwagwa nilimkuta juu ya paa, anaezeka. "Kliniki?" akacheka. "Mtu haumwi, aende hospitali kutafuta nini?" Wengine nao walisema hivyo hivyo. Bitutu wa Masimba alinipita mlimani na mkungu wa ndizi kichwani. Niliona aibu.

Wote kumi na mmoja hawajambo; maneno yao nimeyaandika kwenye orodha yako, nairudisha. Mwambie daktari anoe kisu.

Baba yako

Nairobi, 30 Mei 1972

Baba,

Mungu awazidishie afya. Nimecheka mpaka wenzangu ofisini wakashangaa. Lakini kwenye orodha kila mtu umemwandikia maneno yake, isipokuwa Persis: "hajambo", basi. Ulimwuliza?

Binti yako

Nyamira, 18 Juni 1972

Binti yangu,

Tuko salama. Umenikamata. Persis ni mama wa mke wa kaka yako Ombati. Tangu lini Mkisii akamwuliza mkwe wake habari za nyonga? Nilimwona kanisani siku ya Sabato, ameketi vizuri, nikaandika.

Basi nikamtuma mama yako, akaenda polepole na fimbo yake. Persis alifunga mlango akalia. Chuma kinamchoma mwaka mzima, naye alificha, asionekane mzigo kwa wakwe. Wakalia pamoja, kisha wakachekana walivyokuwa wakichechemea kwenda kupika chai.

Nisamehe. Andika: kumi hawajambo, mmoja anaumia.

Nimemwuliza mama yako kama sasa anaogopa. Akasema, "Naogopa. Lakini aniwekee tu. Na hata nikiumia, Bonareri aniandike."

Baba yako

Nairobi, 9 Oktoba 1972

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima na unakula, si kunywa chai tupu.

Kumi na mmoja wazima kati ya kumi na watano: daktari aliitazama sana karatasi ile. Akamwita Persis atazamwe upya, kisha akamwita Mama amwekee nyonga. Hayo unayajua. Usiyoyajua ni ya leo asubuhi.

Mama aliacha fimbo kitandani akatembea mpaka dirishani. Akasema hakuna cha maana cha kuona huko, akarudi.

Nikafungua daftari, mstari wa kumi na sita, nikaandika: Gesare, anatembea. Nitamwandika kila mwaka, maana siku moja haitoshi. Karani hatakiwi kulia juu ya daftari, Baba, lakini nimelia kwa furaha.

Njoo umchukue. Anasema usimshike mkono.

Binti yako,
Bonareri