Fomu Aliyoijaza Mtani Wangu

Jumatatu, 5 Mei

Chai, mihogo, halafu simu. Wiki ya tatu ya utafiti. Maneno matano ya leo: ndoo, harusi, mbuzi, sindano, mvua. Unayasoma, yanafutika, unafanyishwa mambo mengine, baada ya robo saa wanakuuliza. Nimepata manne. Sindano imenikimbia, na mimi naishi ng'ambo ya barabara na fundi cherehani.

Nimeandika pembeni kama kawaida: saa mbili asubuhi, baada ya chai, nimelala vizuri. Wiki iliyopita nilifanya kabla ya chai, nikapata matatu. Siwezi kusema chai inasaidia. Majaribio matatu hayatoshi, na hilo niliwafundisha watoto wa shule ya Majengo miaka yote niliyoshika chaki.

Kuna picha pia, unataja kitu. Kiboko nimemtaja kabla picha haijafunguka yote. Iliyofuata ni mtu amefunga mbao mbili miguuni anateleza kwenye theluji. Nikaandika: mtu amefunga mbao mbili miguuni. Sijui kama wamenipa alama. Wangekuja Mpanda kwanza, ndipo wachague picha.

Jumatano, 7 Mei

Kwenye kundi la walimu wastaafu bado wanasema ni matapeli. Niliwaandikia watafiti maswali kabla ya kujiunga, wakajibu yote bila kuzunguka. Wanafuatilia akili za watu waliopita miaka sitini, kila mtu akiwa kwake na simu yake. Nina sitini na saba. Wameandika wazi kwamba wao hawatoi majibu ya ugonjwa. Ukiwa na wasiwasi, nenda hospitali.

Sababu yangu sikuwaambia. Ni mama. Alikuwa akikaa kwa kaka yangu kule Mwese. Alianza kuuliza jambo moja mara mbili, halafu mara kumi. Watu wakamjibu kila mara kwa adabu, "Ndiyo mama." Pembeni wakasema karogwa. Siku moja akatoka kwenda kisimani, kisima kilichofukiwa zamani. Tulimpata siku ya pili upande mwingine wa kilima, miguu imechanika. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Hata mimi. Nilimheshimu nikanyamaza, na hilo sijajisamehe.

Kama na mimi nimeianza njia ile, nataka nijue mapema, wakati bado naweza kujiamulia. Basi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemjaribu Mzee Pazi. Ni Mzaramo, fundi cherehani, duka lake linatazamana na mlango wangu. Alikuja huku na treni akiwa kijana, akasahau kurudi. Mimi Msukuma, kwa hiyo ni mtani wangu wa halali, na mwaka wa thelathini sasa hatujawahi kusalimiana kistaarabu. Siku tulipomzika mume wangu alivaa kofia ya marehemu akatembea uani akichechemea vile vile kama yeye. Nilicheka mbele ya maiti. Sitasahau nilivyopumua baada ya hapo.

Nikamtajia yale maneno matano akiwa anakata suruali. Baada ya robo saa nikamuuliza. Hata hakuinua kichwa. "Msukuma alikwenda harusini na mbuzi ndani ya ndoo, mvua ikamnyeshea, akaomba sindano ajishone mdomo. Wakamwambia haitoshi, leta ya magunia."

Matano kwa matano. Ana miaka sabini na moja. Nimekasirika kidogo.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepata matatu. Baada ya chai. Nadharia ya chai imekufa.

Leo wametaka kitu kipya. Mtu anayenijua vizuri ajaze fomu kuhusu mimi: nikilinganishwa na miaka kumi iliyopita, nakumbukaje tarehe, vitu nilivyoviweka, mazungumzo ya juzi. Mimi nisiwepo. Akishatuma, majibu yanafungwa, siyaoni.

Nikamtumia kiungo mwanangu Masanja, Mwanza. Dakika mbili, kamaliza. Nikampigia kuuliza imewezekanaje haraka hivyo. "Mama, kote nimeweka hakuna mabadiliko. Sasa mimi nitasemaje vingine juu yako?" Anakuja mara moja kwa mwaka, siku nne, na siku mbili kati ya hizo analala. Mwanafunzi aliyejaza jibu moja kwenye maswali yote nilikuwa namrudishia daftari. Nikawaandikia watafiti: naomba kubadilisha mtu.

Jumanne, 13 Mei

Wamekubali. Sasa nani?

Majirani watasema vizuri kwa sababu mimi ni mwalimu. Niliowafundisha wataogopa. Wa kanisani watasema niombewe. Nimezunguka na swali hili tangu asubuhi, nikifua, nikichambua mchele. Mtu mmoja tu mjini hapa ana ruhusa ya kuniambia uso kwa uso kwamba nina kichwa cha ng'ombe. Nimekaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu. Watafiti wa mbali hawajui kwamba sisi huku tunao watu wa kazi hiyo hiyo.

Alhamisi, 15 Mei

Simu ya Mzee Pazi ni kitochi, kwa hiyo nimempa yangu. Nikamwambia maneno mawili: jaza kweli. Akasema nyie Wasukuma mmejaza michembe ya viazi kichwani, fomu ya nini tena. Nikarudi ng'ambo nikakaa mlangoni kwangu. Nilikuwa nategemea kusikia anavyocheka.

Hakucheka. Nilimwona amevaa miwani ya kazi, kidole juu ya simu, anakitoa, anakirudisha. Mteja akaja, akamwashiria asubiri. Alichukua muda mrefu kuliko anavyokata suti.

Akavuka barabara mwenyewe, akanipa simu kwa mikono miwili. "Haya, mwalimu," akasema. Akarudi dukani.

Mwalimu. Hajawahi kuniita hivyo.

Ijumaa, 16 Mei

"Shikamoo" nimepewa leo! Na mtu anayenizidi miaka minne!

Jumapili, 18 Mei

Nilimchokoza makusudi. Nikapita na kapu la viazi nikasema Mzaramo, ngoma inalia kule stesheni, mbona bado umekaa? Akatabasamu. "Karibu, mwalimu. Umeamkaje?" Nilitamani nimpige na kapu.

Ninaogopa. Nimeandika.

Jumatatu, 19 Mei

Maneno mawili. Lakini nililala vibaya, kwa hiyo jaribio limeharibika.

Kitu cha ajabu. Maneno ya leo nimeyapoteza matatu. Ya wiki iliyopita yote yamekwenda. Lakini yale ya tarehe tano ninayo yote: harusi, mbuzi, ndoo, mvua, sindano. Yamekaa ndani ya lile tusi, hayatoki. Kwa nini? Nimewaandikia watafiti kuuliza kama wamewahi kupima matusi.

Jumatano, 21 Mei

Nimekwenda. Nikakaa kwenye benchi la wateja, nikasema sitoki mpaka aniambie alichojaza. Akasema fomu imefungwa. Nikasema mdomo wako haujafungwa, tangu lini mdomo wa Mzaramo ukafungwa?

Akazima redio. Akaniambia kuhusu gauni.

Lile la kitenge cha bluu. Februari nililipeleka alipunguze chini. Akapunguza, akalipiga pasi, nikalichukua. Baada ya wiki mbili nikalirudisha, nikamlaumu mbona hajapunguza, nikamwonyesha kwa kidole mahali pale pale. Akalipokea. Akalitundika siku tatu, akalipiga pasi, akanirudishia hivyo hivyo. Nikamshukuru sana. Machi nikalileta tena. Akalipiga pasi tena.

Mimi nakumbuka safari moja. Moja tu. Na nakumbuka pasi, maana nilishangaa lilivyonyooka.

"Sikulipa uzito mpaka fomu iliponiuliza. Ningekutania tena na jambo hili kifuani, ningekuwa namcheka mgonjwa," akasema. Macho yake yalikuwa kwenye kitambaa. Nikamwambia ulicheka maiti ya mume wangu, leo unaniogopa mimi niliye hai? Nikamwambia habari za mama, zote, mpaka kisima. Hata watoto wangu hawajazisikia hivyo.

Mwisho nikamuuliza tena amejaza nini. Kukumbuka mambo ya karibuni, imepungua. Vitu vilipowekwa, imepungua. Mengine yote, hakuna mabadiliko. Akafuta miwani. "Ugomvi hawakuuliza. Wangeuliza, ningeweka umeongezeka."

Nililia pale dukani, kwenye benchi, mchana kweupe. Halafu nikaenda nyumbani nikapika.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeligeuza gauni ndani nje. Pindo moja, mshono mmoja, uzi wake yeye. Nimepima kwa rula. Lingekuwa limekatwa mara tatu, lingefika juu ya magoti. Nimelitazama kwa muda mrefu, nikijaribu kuziona zile safari mbili. Hamna kitu. Ni mahali patupu kabisa, hata hapaumi, na hilo ndilo linalonishangaza kuliko yote. Nilidhani kusahau unakusikia kukija.

Jumatatu, 26 Mei

Hospitali. Nesi wa mapokezi akasema bibi, huo ni uzee tu. Nikamwambia uzee ninao, nimekuja kupimwa. Daktari kijana, mpole, alinisikiliza. Nikampa karatasi: tarehe, maneno niliyopata, usingizi, chai, gauni. Akaisoma mara mbili. Akasema hajawahi kuletewa kitu kama hiki, naye akaongeza maswali yake.

Presha iko juu, hiyo inaanza dawa leo. Damu imechukuliwa waangalie sukari na mengine. Akasema presha peke yake huweza kuchosha kichwa, na yapo mambo yanayotibika. Huenda ni hayo, huenda sivyo. Nirudi baada ya miezi mitatu na karatasi yangu. Akakataa kunidanganya, nikampenda kwa hilo.

Jumapili, 1 Juni

Nimempigia Masanja nikamsomea yote kutoka humu, pamoja na gauni. Hapo hapo akasema anakuja kunichukua niishi kwao Mwanza. Nikasema bado. Tukapatana hivi: Mzee Pazi akisema imetosha, nitakwenda bila ubishi. Mtoto kaudhika kwamba nimemweka fundi cherehani juu yake. Nikamwambia wewe unanipenda mno, kazi hii huiwezi.

Jumatatu, 2 Juni

Matatu.

Watafiti wamejibu. Matusi hawajapima. Wameomba niwaeleze utani ni nini, na fomu ya mtani itarudi tena baada ya miezi sita.

Dawa nameza asubuhi. Mzee Pazi nimempa maneno "dawa, saa mbili, kidonge kimoja" ayatengeneze. Akatengeneza tusi ambalo siwezi kuliandika humu. Sijasahau kidonge hata siku moja.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Mtaa mzima unanukia pilau. Watoto wamevaa nguo mpya, nyingi zimetoka kwenye cherehani ya ng'ambo.

Nilikuwa nimeketi mlangoni na lile gauni la bluu. Mzee Pazi akatoka na kanzu yake, ameshika sahani imefunikwa, akasimama katikati ya barabara ili kila mtu asikie. "Msukuma! Lete gauni nilikate mara ya nne, tumvishe ndama wako!"

Watu wakacheka. Wakanitazama nitajibu nini. Nikamwambia anikabidhi sahani kwanza, kabla hajaimaliza njiani.

Tulikula pale pale kwenye ngazi. Hatukuzungumza mambo ya fomu.

Jioni hii nimeandika kikaratasi, LIMESHAPUNGUZWA, nikakibana kwenye kola kwa pini. Gauni liko kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Mama hakuambiwa. Mimi nimeambiwa, katikati ya barabara, siku ya Idi. Nayaandika haya kwa siku nitakapokuwa sikumbuki.