Musiogope, Ni Apache

Mama yangu mupenzi,

Yambo sana, Mama. Yambo moja ni yako, na ingine ni ya huyu kidogo mwenye umemupakata wakati huu, maana nakujua, hauwezi kumuachia muntu. Ni mimi Sifa, mutoto wako wa kwanza, dada ya Bauma, kama vile najiandikaga siku zote. Mwili wangu iko muzima. Mugongo inauma kidogo juu ya kazi, lakini nakula, na nyumba haivuji. Na wewe? Goti lako linasemaje na baridi ya kule kwetu Kingi? Maharagi ya shamba la juu mulivuna, ao mulikimbia tena mbele ya kuvuna? Na mbuzi, zilirudi? Usinifiche kitu. Wewe unapenda kusema "tuko salama" hata siku yenye mumelala mu pori na mvua inawanyeshea.

Naandika ku karatasi kwa sababu kwa telefoni nimeshindwa. Nikisikia tu sauti yako, tunabaki kila muntu analia upande wake mupaka unité za kupigia zinaisha. Basi barua hii nitaipiga picha na kuituma mu telefoni ya Zawadi. Zawadi, bibi ya ndugu yangu Bauma, wewe njo utamusomea Mama. Soma polepole. Kuna pahali utataka kusimama. Simama, pumua, kisha endelea, lakini usiruke hata neno moja.

Mama, najua munangojea nini kwangu. Mutoto ya Zawadi amezaliwa, amejua kucheka, sasa anakaa mwenyewe na ameota meno, na mupaka leo munamuita Bebe tu. Kwetu shangazi njo anatoa jina, na shangazi ni mimi peke yangu. Kama baba ya mutoto iko muzima, natafuta jina lolote nzuri, tunakunywa, mambo inaisha. Kama baba amekufa, mutoto mwanaume anabeba jina ya baba yake. Lakini muntu mwenye anapumua, jina yake haipewi mutoto wake; ni kumuzika akiwa anaangalia. Njo maana munangojea, na wala hamunisukumi. Jina yenye nitatoa itasema kama Bauma iko ao haiko. Na mimi nilifunga kinywa. Nilimubeba Bauma ku mugongo akiwa mudogo, Mama. Wewe ukienda shamba, mimi njo nilikuwa namunyamazisha. Ningetoa wapi kinywa ya kumuzika?

Acha nikuelezee namna anavyonifuata hapa.

Hapa Arizona, Amerika, ni inchi ya jua na mawe. Milima iko, lakini uchi kabisa, hata mbuzi zingekataa kupanda. Siku ya kwanza, mwenye alitupokea sisi wakimbizi alisimamisha gari pembeni ya barabara na kusema njo hapa nitakaa. Nikainua macho, nikaona ubao wa jina ya barabara: Apache. Nilicheka, Mama! Yule muntu alidhani safari ndefu imeniharibu akili. Nikamupigia Bauma palepale: "We Apache, kumbe uko na barabara yako huku, tena ya lami!" Akajibu, unamujua kinywa yake: "Dada, wakate hata kipande kidogo tu, wanitumie hapa Kashebere. Matope inatumaliza!"

Unakumbuka moto ile, pikipiki ya Bauma, ilivyoingia ku Kingi? Nyekundu, jina Apache imeandikwa ku tanki kwa maandiko makubwa, na yeye anapita mbele ya kanisa polepole kama bibi arusi. Baada ya mwezi moja hakuna tena mwenye alimuita Bauma. Watoto walikuwa wanakimbia nyuma yake: Apache! Apache! Hata muchungaji wetu siku moja alijisahau, akasema mu maombi, "Bwana, linda Apache mu njia ya Walikale," na kanisa yote ikacheka. Wewe tu, Mama, wewe ulikataa. Ulisema, "Mimi sikuzaa chuma." Uliendelea kumuita Bauma, na mbele ya kila safari ulimufungia mwenyewe kile kipande cha kitenge chako cha manjano ku guidon, ku usukani wa moto. Na guidon ile hakuna muntu aliruhusiwa kugusa. Siku yangu ya kuondoka nilimuomba nishike kidogo tu, nipige picha. Alinipiga mukono: "Dada, hata wewe hapana. Siku utaona mwingine amekaa hapa mbele, ujue mimi siko."

Na ukumbuke jioni za wakati ule mubaya. Mulio wa moto ukisikika tu, watu wanazima taa, wanaingia mu migomba, maana hatujui nani anakuja. Yeye alijua tunaogopa. Alikuwa anaanza kupaza sauti toka mbali, toka kule ku kona, sauti yake inashinda mulio: "Musiogope, ni Apache! Musiogope!" Na sisi tunatoka mu migomba na matope ku magoti, tunamutukana, tunacheka, na wewe unamupakulia mboga ya sombe yenye imesha kupoa.

Kisha akabeba ku moto maharagi ya Papa Kambale wa duka kuyafikisha Mpofi, njia ya Walikale, na hakurudi. Kulipigwa masasi ya bunduki mu njia siku ile. Wengine walirudi kwa miguu, wengine waliokotwa, tukawalia na kuwazika. Yeye, hakuna mwili, hakuna habari. Zawadi alikuwa na mimba ya mutoto huyu.

Toka hapo, jina ile yenye ilinichekesha ikaanza kuniumiza. Maana hapa iko kila pahali. Nikitoka ku nyumba, ni barabara ya Apache. Nikipanda basi, napita shule ya watoto, Apache. Kuna mwenye anauza matairi, naye ameandika Apache ku ukuta, na rangi nyekundu juu. Kuna nyumba za kukokota nyuma ya gari, Apache. Hata upande mumoja wa jimbo hili, kama vile sisi tunasema territoire, unaitwa Apache. Mimi nafunga macho mu basi nisisome, lakini macho ya muntu mwenye anatafuta ndugu yake haifungiki. Kila mara moyo unaruka, kisha unaanguka pahali pake. Nimechoka, Mama. Nimechoka kuruka na kuanguka.

Kazi yangu ni ya kufua mashuka ya hoteli. Machine inafua, sisi tunatoa, tunakunja, tunasukuma mu chariot, kale kagari ka magurudumu. Siku moja, muchana kweupe, nilikuwa inje ku parking nasukuma chariot ya mashuka. Nikasikia ule mulio juu. Elikopta ya vita, Mama, nyeusi, chini kabisa, ile yenye nyumba inatetemeka. Sikufikiri. Nilijitupa chini, nikaingia chini ya chariot, nikafunika kichwa na mashuka. Nilikuwa nasubiri tu bomu ianguke. Nilipofungua macho, naona viatu vya wenzangu, na kijana mumoja wa kazi ameinama ananiangalia, anacheka kidogo, si kwa ubaya, anataka kunituliza. Akasema kwa luga yao: "Usiogope, mama, ni Apache tu."

Ni vile elikopta ile inaitwa. Wanasema zinatengenezwa hapa karibu, njo maana zinapita.

Usiogope, ni Apache. Maneno yake yenyewe, Mama, mu kinywa ya muntu wa mbali mwenye hakumujua. Nililia mupaka wakanikalisha mu kivuli. Wenzangu walidhani ni vita tu nimekumbuka. Mwenye alibaki na mimi ni bibi muzee mumoja wa kazi yetu, jina Dora, muntu wa maneno machache, anakunja mashuka na mimi kila siku. Nilimuelezea na kizungu changu kile cha kuvunjikavunjika: ndugu, moto, jina, hakurudi. Alinisikiliza mupaka mwisho. Kisha akasema: "Mimi ni Apache."

Nilimuangalia kama mujinga. Mama, sikujua ni watu! Nilidhani ni jina ya kiwanda. Kumbe ni kabila, wenyewe wa inchi hii, wa milima hii, kabla wengine wote hawajafika. Dora akaniambia hata jina ile si wao walijiita. Wengine njo waliwaita vile, na ikabaki. Wao wanajiita Ndee, ni kusema watu. Nikamwambia, hata sisi tunasema bantu, ni watu tu. Akacheka mara ya kwanza toka nimujue. Nikamuuliza, basi barabara, shule, matairi, elikopta, waliwaomba ruhusa? Akasema, "Nani alituomba?" Akaendelea kukunja shuka yake.

Kisha akaniambia neno moja lenye halijatoka ku kichwa changu. Kwao, kwa familia yake, muntu akikufa, jina yake wanaiacha. Hawaiiti. Wanaiacha ipumuzike, wasimusumbue mu safari yake. Iko mutoto wake mwanaume alikufa, na jina yake hakunitajia. Alisema tu "yule kijana wangu." Mimi nikamuelezea yetu: muntu akikufa, jina yake tunaipatia mutoto, iitwe kila asubui, mulangoni, ku chakula, hata kwa kukaripia. Akafikiri, akasema, "Basi kwenu, muntu mwenye hamuiti ni mwenye hamujamulilia." Ilinichoma mbavuni, maana ni kweli. Sisi Bauma hatumulilii wala hatumuiti. Tumemuacha pa mulango, hakuna kuingia, hakuna kwenda.

Na bado ningeendelea kunyamaza. Lakini juma iliyopita Papa Kambale alinipigia. Muzee yule wa Butembo, unamujua, duka yake ya Kashebere haifungagi hata kukiwa masasi. Alianza na salamu nyingi, akauliza habari ya jua la hapa, nikajua kuna kitu. Mwisho akasema: "Sifa, mutoto wangu, nilikuwa Mpofi. Niliona moto ya kijana wetu."

Nikasema, moto za Apache ziko mingi. Akasema, "Ni ile. Kile kitambaa cha manjano ya mama yako iko ku guidon, imegeuka rangi ya matope, lakini iko. Na mwenye kuiendesha ni muntu na bunduki." Papa Kambale ni muzee wa rozari, hasemi uongo. Alijikaza, akamuendea yule muntu kwa upole, akamuuliza mwenye moto iko wapi. Yule akajibu bila hata kumuangalia: "Mwenyewe alikataa kushuka ku moto."

Zawadi, ni hapa. Simama. Mushike Mama mukono.

Mama, unamujua mutoto wako. Mimi hata kugusa tu alinikatalia, mimi dada yake, mu kiwanja ya nyumba yetu. Nilitafuta uongo wa kujifariji: labda aliwaachia, labda walimupeleka mu machimbo, iko anachimba, siku moja atatoroka. Nilizunguka na huo uongo kwa siku nzima nikikunja mashuka. Lakini alisema mwenyewe: siku utaona mwingine amekaa hapa mbele, ujue mimi siko. Papa Kambale ameona. Nami nimejua.

Mama, Bauma wetu amekufa.

Nimeiandika. Mukono ulikataa lakini nimeiandika. Sasa lia, Mama. Umekaa bila kulia ukiogopa kilio chako kitamuua. Haitamuua tena. Lia na sauti, jirani wakuje, wawashe moto mu kiwanja, waimbe zile za kanisa zenye alikuwa anaharibu na sauti yake ya chura. Zawadi, na wewe lia, halafu unyoe kichwa, uoge. Wewe ulikuwa bibi nzuri kwake, na hakuna wa kukuambia ingine. Mimi nitalia hapa, Dora ameomba ruhusa ya siku moja akae na mimi.

Kisha musafishe mutoto, mumupake mafuta, Mama amutoe inje mu jua, amuite. Musimuite Apache, hata kama kijiji chote kitataka. Jina ile ilienda na moto, ilichukuliwa na yule wa bunduki, na hapa naona namna kila muntu anaichukua na kuiandika pahali anapenda. Si yetu, na Dora ameniambia hata kwake iliingia bila kupiga hodi. Yetu ni ile ulimupatia wewe, Mama, ile hakuna muntu amewahi kuandika ku tanki wala ku ukuta. Mutoto anaitwa Bauma. Ndiyo, Bauma, na mimi shangazi yake nimesema. Zawadi, soma jina hii na sauti, mara ingine, mupaka yeye mwenyewe ageuze kichwa.

Akianza kutembea, mufundisheni kupaza sauti akifika ku kona ya nyumba, ili watu wajue ni nani anakuja, wasikimbie.

Musalimie mujomba wa kule juu, mwambie kikohozi yake ainywie dawa, si pombe. Musalimie mama mukubwa wa kwaya, na mama ya Zawadi, na muchungaji. Mwambie maombi yake yalisikika hata kama haikuwa vile tulitaka. Papa Kambale mumushukuru kwa ajili yangu, maana kuuliza neno lile mbele ya bunduki si kila muntu angeweza. Na mutoto mumubusu ku paji la uso, pahali baba yake alikuwa na ule mustari wa kukasirika.

Nawakumbatia wote, na wewe Mama zaidi ya wote.

Ni mimi Sifa, shangazi ya Bauma.