Jina la Marehemu Kwenye Faili la Makontena

Chaani, 4 Novemba 2024

Shangazi Johari, shikamoo. Eda yendaje, na miguu bado yavimba? Mimi mzima, na uzuri wazidi. Hata Ruth wa mapokezi siku hizi aniletea chai bila kuombwa.

Huku ofisini vituko. Tukifungua faili la makontena, kompyuta yasema halifunguki, linatumiwa na Hashim. Mumeo, Allah amrehemu! Mlinzi hapiti tena karibu na meza yake. Bosi Erastus yeye hana habari na majini. Asema Nyamvula, aliyepewa meza ya mjomba, ajificha nyuma ya jina la marehemu atufungie faili apate kuiba. Kamrudisha kwao Miritini. Asipojitetea hadi Jumatatu ijayo, kazi hana.

Usijali, fundi nipo. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini akili sikuiacha huko.

Mwanao, Taufiq

Bofu, 5 Novemba

Taufiq, marahaba. Miguu ni ile ile. Chai kunywa, lakini uliza Ruth awapelekea wangapi.

Hashim hakuwahi kutajwa kwa wizi. Na huyo Nyamvula alikuja matangani akaosha masufuria mpaka la mwisho. Wacha kujisifu, niambie jina la mume wangu lafanya nini huko.

Shangazi yako

Chaani, 7 Novemba

Shangazi, shikamoo. Waonaje hali? Chai apelekea ofisi nzima. Tuyaache.

Nimepata! Nipigie kigelegele huko huko ndani. Kompyuta haimjui aliyeikalia. Yatoa jina lililoandikwa ndani yake zamani, na kwenye ile ya meza ya mjomba liliandikwa Hashim. Nyamvula akifungua faili, sisi twaona Hashim. Na stima ikipotea faili likiwa wazi, hubaki kijifaili kimejificha, chaendelea kusema linatumiwa, na hakuna mtu. Nimekifuta mbele ya bosi, faili likafunguka. Akaguna tu.

"Basi weka jina la Nyamvula," akasema.

Mzee Kalama wa ghala akaruka: "Thubutu! Tulikubaliana siku ya maziko, cha marehemu hakiguswi mpaka mjane atoke eda."

Bosi naye kashika lake: jina lisipobadilika, Nyamvula harudi, hataki kuchanganywa tena. Shangazi, neno ni lako.

Mwanao, Taufiq

Bofu, 10 Novemba

Taufiq, marahaba. Nimekawia, najua.

Mwambie Kalama miwani na koti vya Hashim vinisubiri. Jina badilisheni, mtoto wa watu arudi kazini. Ila kabla hujalifuta, lifungue hilo faili mara moja, upige picha pale pasemapo Hashim analitumia. Unitumie.

Shangazi yako

Chaani, 11 Novemba

Shangazi, shikamoo. Umeamkaje? Picha ndiyo hiyo. Kidole kimeingia pembeni, usikikate, ni kidole cha fundi.

Nyamvula karudi. Sasa hivi nalitaka faili, naambiwa analo Nyamvula, na kweli namwona kwa macho, kakaa atafuna kashata. Nikimwambia afanye haraka anijibu, "Fundi, ngoja foleni."

Mwanao, Taufiq

Chaani, 14 Novemba

Shangazi, shikamoo. Simu yaonyesha picha umeiona. Kujibu si lazima.

Mwanao